Mawe ya Baba Chini ya Maji

Mama hupenda kuniambia kwamba nilizaliwa na miguu inayowashwa. Ni kweli, sijui kukaa. Hata sasa ninapoandika haya nimeshasimama kwenda dirishani, nikarudi, nikasimama tena kuangalia kama pipa la maji pale nje litatosha mpaka jioni. Litatosha. Nimeliangalia sasa hivi, na nitaliangalia tena.

Pipa hilo limekaa juu ya bamba la sementi, na chini ya bamba ni kisima cha baba. Yaani palikuwa na kisima. Nataka kueleza mwenyewe ilivyokuwa, maana mji wetu huu wa Likasi una midomo, na nimeshasikia habari zetu zikisimuliwa sokoni na watu ambao hawajawahi kuchota hata ndoo moja kwetu. Wengine wanasema tulifunga maji kwa choyo. Wengine wanasema kulikuwa na jini. Jini gani, jamani! Mawe tu.

Baba alikuwa shofere wa lori. Alibeba mahindi ya Kapolowe, makaa, chokaa na sementi ya Kakontwe, chochote kilichoweza kulipa mafuta na kuacha kidogo cha mboga. Babu yake alitoka Maniema na biashara yake na dini yake, akaoa hapa, akazikwa hapa, na sisi ni Waislamu wa Likasi, wachache tunaojuana wote. Lori la baba halikuwa na breki ya mkono ya kuaminika. La rika lake lipi lililokuwa nayo? Kwa hiyo, kama mashofere wote, alikuwa na kala, yaani mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu mlimani, lori lisirudi. Shofere mwenye haraka huokota jiwe lolote lililo karibu, na akiondoka huliacha palepale katikati ya barabara, atajua mwenyewe anayekuja nyuma. Baba alichukia tabia hiyo mpaka akagombana nayo peke yake ndani ya kabini. Yeye alikuwa na mawe yake manne, aliyabeba chini ya kiti chake, na kila alipoondoka aliyarudisha.

Yalikuwa meusi, madogo kuliko ulivyotarajia, na mazito ajabu. Mgeni akiambiwa alete jiwe moja aliinama kwa mkono mmoja, akainuka na uso mwingine, akainama tena kwa mikono miwili, na baba alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuliona jambo hilo. "Hii njo mawe," alisema akiligonga lori lake. "Inabeba kamyo muzima, haisogei." Aliyaokota zamani kando ya njia ya mgodi mmoja uliofungwa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini jiwe dogo liwe zito hivyo. Mji wetu umejaa mawe. Ya kijani, ya bluu, mekundu, tunayakanyaga tukienda kununua mkate. Alipoacha kazi aliyaleta nyumbani, yakakaa uani, tukayakalia tukimenya mihogo.

Baba alikufa kwa figo. Alivimba miguu, akavimba uso, akaenda. Sitaki kukaa sana hapo.

Siku ya arobaini yake, baada ya hitma, mama alisimama mbele ya watu wakiwa bado na pilau mikononi, akasema anataka kumchimbia bwana wake kisima. Kwetu hiyo ni sadaka ambayo haiishi: mtu amelala kaburini, na kila anayekunywa maji yake, hata mbuzi, hata ndege, thawabu inamfikia. Avenyu yetu, yaani mtaa wetu, haikuwa na bomba. Wanawake walishuka mpaka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, wakiwemo Wakristo, wakiwemo wenye mimba. Mama alisema, "Fundi tutamulipa sisi. Matofali hatuna. Anayemulilia bwana yangu alete jiwe."

Basi wakaleta. Sijaona kitu kama kile tena. Watu walikuja na mawe mikononi kama wanavyokuja na unga msibani. Mashofere wenzake walimwaga lundo zima. Shehe wa msikiti wetu alileta lake amelifunga kwenye kitambaa. Jirani yetu wa kushoto, Mkatoliki, mama wa mapacha, ambaye mume wake hupasua mawe kule Kakontwe, alileta jeupe zuri la chokaa na kusema, "Baba alikuwa ananibebea unga bure. Na minye niweke yangu." Fundi akazungushia kisima mawe ya watu wote, na kila alipopokea jiwe mwenye nalo alisema neno lake, mwingine bismillahi, mwingine ishara ya msalaba.

Lakini mawe ya kwanza, yale ya chini kabisa yanayobeba mengine yote, mama hakukubali yawe ya mtu mwingine. Aliyatoa uani mawe ya kala. Matatu alimpa fundi kwa mikono yake, moja baada ya jingine, yakashushwa kwa kamba mpaka majini. La nne aliliacha juu, pembeni ya mdomo wa kisima, mahali pa kutulizia ndoo. Alisema hivyo mkono wa baba utakuwa chini na juu. Nililia siku ile. Niliona ni jambo zuri kuliko yote ambayo mama amewahi kufanya, na mpaka leo naona lilikuwa zuri.

Maji yakaja. Matamu, baridi. Avenyu nzima ikayaita "mayi ya baba". Mama alizoea kukaa mlangoni asubuhi akisikiliza kapi ikilia kwa kamba, na kila ndoo iliyopanda alisogeza ushanga mmoja wa tasbihi yake.

Sasa, juu ya avenyu yetu kuna kipande cha mlima chenye uzio wa waya. Kila mtu anajua kilicho ndani: zamani, mali ya magendo kutoka mgodi ule uliofungwa ilikamatwa njiani, magunia na magunia, ikazikwa pale. Mali yenye mionzi. Huwezi kuiona wala kuinusa, inakula mwili taratibu. Tumekua tukiambiwa tusikaribie. Mama mwenyewe aliwahi kunichapa kwa sababu nilifuata mpira mpaka kwenye waya. Mvua kubwa ikinyesha, watu walitazama juu wakasema, ile kitu ikishuka kwenye maji tumekwisha. Hofu yetu yote tuliielekeza kule.

Ndiyo maana Jumatatu moja, msimu wa mvua uliopita, gari la wapimaji wa mionzi lilipokuja, avenyu nzima ilipanda nalo. Mimi niliacha duka wazi. Nauza vipuri vya malori, duka alilofungua baba, na siku ile angeweza kuja mwizi akabeba hata kaunta. Aliyekuwa na mashine ni dada mmoja wa makamo, ana buti na skafu ya maua, anaongea taratibu. Mashine yake ni ndogo kama redio, na inalia tik, tik, kulingana na inachokiona. Kwenye waya ililia kidogo, kwa kuchelewachelewa. Alituonyesha. Akasema kule waliozika walizika kwa akili: udongo mgumu wa mfinyanzi chini, sementi, udongo tena juu, ili maji yasipite. "Ile iko inalala muzuri," alisema. "Lakini minye siamini kitu inayolala. Njo maana tunapima mayi ya visima yote ya huku chini." Watu walipiga makofi. Mama mmoja alicheza.

Tukashuka naye kwa furaha kama tunatoka harusini. Kisima chetu ndicho cha kwanza. Mama alikuwa amejifunga kanga yake nzuri na kuweka glasi kwenye sinia, mpimaji akaribishwe maji. Yule dada akapitisha mashine karibu na mdomo wa kisima bila haraka, akizungumza na mtu, na mashine ikapiga kelele.

Si tik, tik. Ililia mfululizo, sauti moja, kama mafuta ya moto yakimwagiwa maji. Alirudi nyuma hatua. Akaisogeza tena, akaifuata sauti, na sauti ikampeleka kwenye jiwe la kutulizia ndoo. Jiwe la baba. Hakuna aliyecheka tena.

"Hii jiwe inatoka wapi?" aliuliza.

"Ni ya bwana yangu," mama alisema. "Ni kala ya kamyo yake."

"Iko peke yake? Ama kuko ingine?"

Nilimwangalia mama. Sinia bado ilikuwa mikononi mwake. Akasema, "Iko peke yake."

Walilitoa kwa koleo refu, wakalitia kwenye pipa la chuma lenye mchanga, wakalifunika. Dada alichota maji kwenye chupa ya kupima. Alituambia majibu yatachukua siku, na kwamba kwa sasa, kama tunaweza, tuchote kwingine. Akaniachia namba yake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu naye nikihama mguu huu na huu. Lakini watu wa avenyu walisikia wanachotaka: jiwe baya limeondoka, basi. Gari lilipokata kona, kapi ilikuwa imeanza kulia tena.

Niliwaondoa. Sikusema kwa nini. Nilikata kamba kwa kisu cha jikoni, nikachukua na ndoo, nikaviingiza chumbani kwangu. Ayi, mama! Matusi niliyoyala siku ile! "Sasa munafunga mayi ya marehemu!" "Anataka kuuzisha, huyu! Atatia na mita!" Mama wa mapacha, aliyekuwa na mimba kubwa tena, alisimama kwenye mpaka wa parseli yetu, yaani kiwanja chetu, mikono kiunoni, akanitazama tu, na hilo liliniuma kuliko kelele za wengine.

Nikaingia ndani kwa mama. Nilikuwa nimechemka.

"Mama, mawe matatu iko chini. Weye unajua, minye najua."

"Iko ndani ya mayi. Mayi inapoza kila kitu."

"Haipozi ile! Inayeyuka mule mule, watu wanakunywa!"

"Nani amekufa?"

Nilitaka kusema: baba. Neno lilifika kwenye meno. Mpimaji mwenyewe, nilipomuuliza baadaye, aliniambia hakuna mtu anayeweza kujua, figo huharibiwa na mambo mengi, nisijitese. Mama alilisoma neno lile usoni kwangu. Alikaa kitandani. Akaanza kusema kwa sauti ya chini ambayo siijui, kwamba kisima kikifungwa ni mdomo wa baba unafungwa, kwamba ndoo zote zile, miaka yote ile, zilikuwa zinamfikia, alikuwa akizisikia zikimfikia. Kisha akasema lililokuwa chini ya yote. "Kama ile mawe ni sumu, basi ni minye nilitia sumu mu sadaka ya bwana yangu. Kwa mikono yangu hii. Unataka niseme vile mbele ya bantu?"

Hasira iliniisha mwilini ikabaki miguuni tu. Nilizunguka chumba. Nilimwambia mpaka Ijumaa baada ya swala aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, na kama hakusema nitampigia yule dada. Aliniambia mimi si mtoto wake. Nikamwambia nitakuwa mtoto wake Jumamosi.

Jumanne nilisimama dukani, nikauza mkanda wa feni badala ya feni ya radieta, mteja akanirudia amenuna. Jumatano nilienda kisimani asubuhi nikakuta mtu amefunga kigaloni kwenye waya wa kuanikia nguo na kuchota. Nikachukua na waya. Nguo zetu zikakaa mvua ya siku mbili kwenye viti. Mama alikunywa maji ya mtungi wa jikoni, uliojazwa kabla ya Jumatatu, alikunywa makusudi mbele yangu, kikombe baada ya kikombe, akiniangalia. "Kama iko mubaya, ikuwe mubaya kwangu," alisema. Nilimnyang'anya kikombe. Akachukua kingine. Nilitaka kuupiga teke ule mtungi, Mungu anisamehe, mguu ulikuwa umeshainuka.

Alhamisi alasiri mama wa mapacha alikuja. Nilimwona anapanda ngazi zetu akijishika mgongo, na nikajua amekuja kupigana. Alifika, akaketi kwenye kigoda bila kuambiwa karibu, jasho linamtiririka, akahema kwanza.

"Mama," alimwambia mama yangu, "nimekuya kugombana na mutoto wenu. Lakini munipe kwanza mayi nikunywe, kisha tutagombana."

Nilicheka. Ilinitoka tu. Na mama pia alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akaenda mtungini kwa mwendo wake wa siku zote. Kwa mama, mgeni anayeomba maji haulizwi swali. Nimewahi kumwona akimpa maji mtu aliyekuja kudai deni, akampa maji mlevi, akampa maji askari aliyekuja kumkamata ndugu yangu. Hajui kumnyima mtu maji. Alifunua mtungi, akazamisha kata, akamimina kwenye kikombe cha bati, akageuka. Jirani alikuwa ameshanyoosha mkono.

Mama hakuufikia ule mkono. Alisimama katikati ya jikoni na kikombe, anatazama lile tumbo. Kisha akaenda mlangoni, akamwaga maji yote nje kwenye udongo.

"Mama," jirani akasema taratibu, "munaninyima mayi?"

Mama yangu alikaa chini. Si kwenye kigoda, chini, sakafuni, na kanga yake nzuri, akalia kama alivyolia siku walipomtoa baba. Akasema yote. Mawe matatu, chini kabisa, ya kamyo, sawasawa na lile lililolia. Ni yeye aliyeyaweka. Ni yeye aliyesema hakuna mengine. Hakujitetea hata kidogo.

Ningependa kuandika kwamba jirani alimkumbatia. Hapana. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, akauliza, "Na tangu Jumatatu mulikuwa munajua?" Mama akasema ndiyo. Akanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, ndiyo maana kamba iko chumbani kwangu. Akainuka peke yake, akakataa mkono wangu, akashuka ngazi. Nilitamani apige kelele. Nilipiga simu kwa mpimaji nikiwa bado namwona mgongo.

Ijumaa baada ya swala mama alisema tena, mbele ya kisima, mbele ya kila aliyetaka kuja. Walikuwa wengi. Kuna waliomtukana, na mmoja alitema mate chini, na shehe alisimama karibu na mama mpaka mwisho. Mimi nilisimama upande wa pili nikiwa tayari kumng'ata mtu.

Yule dada alirudi na watu wake na mashine ya kuvutia maji. Majibu ya chupa yalikuwa yametoka: maji si ya kunywa. Aliwaambia wote waliokunywa waende hospitali wakapimwe figo, akaongea na mama wa mapacha pembeni, peke yao, muda mrefu. Maji ya kisima hawakuyamwaga kwenye mifereji. Waliyatia kwenye matangi wakayabeba. Kisha wakashusha minyororo na ndoana, na mawe ya baba yakapanda, moja, jingine, jingine, yanachuruzika, meusi, na mashine inalia kwa kila moja.

Mama alimfuata mpimaji kila alikokwenda, akimuuliza maswali. Mawe yatazikwa wapi? Kule mlimani, ndani ya uzio, pamoja na mengine. Chini yatawekewa nini? Udongo wa mfinyanzi, umeshindiliwa. Pembeni? Sementi. Juu? Udongo tena, na kifuniko, na maji ya mvua yatapewa njia ya kupita mbali. Kina gani? Nani atashika? Nani atashuka? Yule dada alijibu yote, kwa subira, na katikati ya maswali ndipo nilipogundua kwamba ni maswali yaleyale ambayo mama aliwauliza wachimba kaburi wa baba. Aliridhika. Akasema, "Basi muyazike muzuri."

Nilidhani kisima kitabaki, mawe mabaya yameshatoka, kisafishwe tu. Mpimaji akakataa. Alisema udongo wa chini umeshanyonya, na shimo wazi la namna ile ni mlango: mvua ikinyesha itaosha kilichobaki na kukipeleka moja kwa moja kwenye maji ya chini, na maji ya chini hayakai kwetu, yanatembea kwenda kwenye visima vya avenyu nyingine mpaka bondeni. "Chini kule hakuna parseli ya muntu," alimwambia mama. "Mayi yote ni moja." Mama alifikiri. Akauliza kama tukiziba, watu wa bondeni watakunywa salama. Dada akasema ndiyo maana tunaziba, na kwamba atakuwa anarudi kila msimu kupima visima vya chini. Mama akasema, "Muzibe."

Walijaza udongo wa mfinyanzi, tabaka, wanashindilia, tabaka, wanashindilia. Siku ya kumwaga bamba la juu, mume wa mama wa mapacha alisimamisha mkokoteni mbele yetu, mifuko ya sementi juu yake. Hakusalimu. Alishusha mifuko, akachanganya, akasawazisha bamba kwa ubao mpaka likawa kama meza, akanawa mikono kwa maji aliyokuja nayo, akaondoka. Mke wake hakuja.

Mama hakutoka mlangoni wiki nzima. Alikuwa anasikiliza kapi ambayo haipo. Tasbihi ilikuwa mkononi, ushanga hausogei. Hilo sikuweza kulivumilia. Nikachukua pipa moja la plastiki dukani, lile kubwa la buluu, nikamwita fundi alitobolee bomba chini, nikaliweka juu ya lile bamba. Nikafunga vigaloni kwenye baiskeli ya baba, nikaenda mpaka kwenye bomba la mji. Ni mbali, na njia ya kurudi ni mlima. Kwenye mlima pale, baiskeli ilipotaka kurudi nyuma na mimi, nilitafuta kwa mguu jiwe la kuzuia gurudumu, nikakumbuka, nikalia barabarani watu wananipita. Kisha nikasukuma.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Kabla mtu hajachota, mama anafungua bomba la pipa, anajaza kikombe cha bati, anakunywa chote yeye mwenyewe, mbele ya kila aliyefika. Ndipo anasema, "Muchote." Watu walirudi mmoja mmoja. Mimi ninapanda na kushuka, na nikiwa dukani moyo uko pipani. Mvua ikinyesha usiku nasikiliza bamba. Yule dada amekwisha kurudi kupima visima vya bondeni, na siku nzima ya kusubiri simu yake nilikuwa njiani kati ya duka na pipa. Maji ya bondeni ni mazuri. Nilimwambia mama, akaniuliza, "Basi inamufikia?" Mimi si shehe. Nilienda kuleta maji.

Mama wa mapacha alijifungua kabla ya kiangazi. Tulisikia kilio cha mtoto kupitia ukuta. Mama alipika uji wa pilipili manga, akampelekea kwa mkono wa mwingine, bakuli likarudi limeoshwa bila neno. Tukakaa hivyo, ukuta katikati, miezi.

Leo asubuhi alikuja. Nilikuwa nafungua vigaloni kwenye baiskeli nikasikia ndara kwenye ngazi zetu. Mtoto yuko mgongoni, mnene, analala mdomo wazi. Hakuwa na ndoo wala kigaloni. Alisimama mbele ya bamba alilolisawazisha mume wake, akalitazama, akamtazama mama yangu mlangoni.

"Mama," alisema, "munipe mayi nikunywe."

Mama aliinuka. Alijaza kikombe, akanywa chote, mpaka tone la mwisho, akakionyesha kitupu. Akajaza tena. Alikipeleka kwa mikono miwili, kimejaa mpaka ukingoni, maji yanamwagika kwenye kanga. Jirani akapokea. Alikunywa taratibu, kichwa nyuma, nikamwona koo linavyokwenda. Akafuta mdomo. Kisha akachovya kidole kwenye yaliyobaki, akakipeleka nyuma ya bega, akamlowesha mtoto midomo.

"Mayi ya baba iko baridi leo," alisema.

Mkono wa mama ulikuwa umeshaingia kwenye kanga, kwenye tasbihi yake, nikasikia ushanga ukigonga ushanga. Mimi nikaenda kuangalia pipa limebakiza kiasi gani.